Kumfundisha Mtu Aliye Mbali: Kutoka Masomo kwa Posta hadi Somo Letu la Kompyuta



Katika kijitabu hiki wenzangu wameandika juu ya hisa, mikopo, mfuko wa jamii, na zile siku za mwanzo tulipokuwa tunahesabia fedha barazani kwa mwenzetu. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia ya jambo ambalo bado hatujalifanya. Mkutano mkuu ujao utaamua kama sehemu ya fedha za mfuko wa miaka kumi inunue kompyuta moja na kuchapa somo la mwanzo la kompyuta kwa wanachama wa hapa Ramadhani na wa kule Makambako, au fedha hizo zigawanywe kama kawaida. Wapo waliosema wazi kwamba kompyuta ni mambo ya watoto. Wapo waliouliza swali zito zaidi: atatufundisha nani, wakati mwalimu hayupo na sisi wenyewe tumetawanyika kilometa kama 60?

Swali hilo la mwalimu asiyekuwepo lina umri mkubwa hapa nchini, na limewahi kujibiwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana ninaanzia mbali kidogo. (Kwa wageni watakaosoma: Ramadhani ninayoitaja ni kata ya mjini Njombe, siyo mwezi wa kufunga. Huwa mnachanganya.)

BARUA, REDIO NA MWALIMU ASIYEONEKANA

Wakati wa mkoloni, mtu aliyetaka kusoma bila kukaa darasani alijiandikisha ng'ambo, kwa mfano Wolsey Hall ya Oxford au Rapid Results College ya London. Masomo yalikuja kwa posta, majibu yakarudi kwa posta. Ilikuwa elimu ya mtu mmoja mmoja, mwenye Kiingereza na mwenye mshahara. Mama wa shamba hakuwemo kabisa.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka, na walioanza mapema walikuwa watu wa ushirika. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na mwaka uliofuata Kituo cha Elimu ya Ushirika kikaanza kuwafundisha wanaushirika kwa njia ya posta. Jambo hili lisitupite hivi hivi. Miongoni mwa watu wa kwanza kufundishwa kwa masafa katika nchi yetu walikuwa watu wa vyama, watu wenye daftari la hesabu mkononi, kama sisi.

Kisha ukaja mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Bibi zetu wengi walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika madarasa yaliyofuata. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa 67 katika kila 100 wakati ule, na kufikia mwaka 1986 walikuwa kama 10 tu. Hata anayezitilia shaka takwimu hizo hawezi kukataa kwamba watu walisoma. Walisoma chini ya miti, jioni, mikono ikiwa na udongo.

Katika miaka hiyo hiyo redio ikaingia kazini. Kampeni iliyojulikana kuliko zote ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ilichukua wiki 12. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki nchi nzima. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: kikundi kinakaa kuizunguka redio na kusikiliza kipindi, kiongozi anasoma sehemu ya kitabu kwa sauti, watu wanajadiliana, halafu wanaamua la kufanya pale kijijini. Wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani yaliyozunguka nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Kwa maoni yangu, redio yenyewe ilifundisha kidogo. Kilichofundisha ni ule mjadala baada ya redio kuzimwa, na jembe lililofuata. Mtu angesikiliza peke yake nyumbani, angesema "ni kweli", kisha angelala.

Halafu ukaja mzigo mkubwa zaidi. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, UPE, isisubiri tena hadi miaka ya mbele. Watoto wakajaa, walimu hamna. Tangu mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku huku wakifundisha: masomo kwa posta, vipindi vya redio, wakufunzi wa kuwatembelea na kuwasimamia, na mwishoni wiki chache za kukaa chuoni. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu waliwacheka, "walimu wa UPE", na ni kweli wengine walikuwa hatua moja tu mbele ya wanafunzi wao. Lakini jamani, wengi wetu tunaoandika majina yetu kwenye daftari la hisa leo tulifundishwa na hao hao.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendelea na masomo yake ya posta, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianza kazi Machi 1993, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari, na masomo yakafunguliwa Januari 1994. Chuo hicho hakikujenga mabweni. Kilikwenda kwa watu kwa kuweka vituo mikoani, na Njombe kituo kipo. Mwanafunzi anasoma kwake, anakwenda kituoni kuonana na wenzake na wakufunzi, na kufanya mitihani.

KOMPYUTA ILIYOPIGWA MARUFUKU

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Vijana wetu wanadhani kompyuta ilikuja na intaneti. Siyo hivyo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za hesabu za serikali. Na mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Kwa nini? Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake zote kwenye mashine, na mambo yakaharibika. Wataalamu wa kuiendesha walikuwa wachache, wengi wageni. Fedha nyingi zilipotea kwa hesabu zisizoeleweka, na ikabidi kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Siku hizi tukisimuliwa tunacheka, ati taifa zima liliiogopa kompyuta. Mimi sicheki. Mtu aliyeacha daftari kabla hajaielewa mashine, mashine ikikosea hana pa kwenda kuulizia. Nitalirudia hili nikifika kwenye somo letu.

WENZETU WALIVYOPANGA SOMO LA MWANZO

Kufundisha kompyuta kwa mtu aliye mbali kuna ugumu ambao historia au Kiswahili havina. Kitabu unaweza kukituma, lakini mashine utaitumaje? Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilihangaika na swali hili kabla ya wengi. Katika miaka ya 1970 wanafunzi wake walikwenda kwenye vituo vya masomo vilivyokuwa na mashine kama ya taipu, iliyounganishwa kwa simu na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali. Mtu aliandika amri zake nyumbani kwenye karatasi, akazikagua, akazikagua tena, ndipo akaenda kituoni kuzipiga, maana muda wa mashine ulikuwa mdogo. Mwaka 1988 chuo kikaanza kudai kwa baadhi ya masomo kwamba mwanafunzi awe na kompyuta ya kutumia nyumbani. Wenye uwezo walishangilia. Wengine, siyo wote.

Mwaka 1998 walitoa somo jipya la kompyuta, nalo likapata wanafunzi zaidi ya 5,000 katika mwaka huo wa kwanza. Mwanafunzi hakuanza na historia ya mashine wala majina ya sehemu zake. Alikutana na vyura kwenye kioo. Unamwambia chura "nenda kulia", anaruka jiwe moja kulia. Unamwambia abadili rangi, anabadili.  Kwa njia hiyo mtu mzima, peke yake jikoni kwake usiku, alielewa kwamba kompyuta hufanya lile tu iliyoambiwa, kwa mpangilio ule ule ilioambiwa, na haimwelewi mtu anayenung'unika. Mwaka uliofuata chuo hicho kikaanza somo jingine, la watu wasiotaka kuwa mafundi bali kutumia kompyuta na mtandao, nalo likajaza maelfu.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko karibu. Mwaka 1999 huko Nakaseke, Uganda, kilifunguliwa kituo cha mawasiliano cha jamii kwa msaada wa mashirika ya kimataifa. Ilionekana kwamba kompyuta zipo lakini wanawake wa vijijini hawana cha kuzifanyia: maandishi yote Kiingereza, na wengi hawakusoma sana. Basi ikatengenezwa sidii ya mawazo ya kujipatia kipato, yenye picha na sauti, kwa Kiingereza na kwa Kiganda. Mama alikaa mbele ya kioo, akabofya picha, sauti ikazungumza naye kwa lugha yake juu ya biashara yake. Hakutakiwa kuandika hata herufi moja. Waliotengeneza kitu hicho walianza na mama na haja yake, ndipo wakaja kwenye mashine. Kwetu Tanzania kituo cha namna hiyo kilianza Sengerema mwaka 2001.

Na lugha? Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua na kupiga hesabu kwenye kompyuta ambayo amri zake zote ni Kiswahili. Maneno mengine yalizoeleka, mengine watu waliyakataa kwa miguu: wakaendelea kusema "mausi" badala ya kipanya. Katika somo letu napendekeza tuandike yote mawili bila kugombana.

KWA NINI SISI, KWA NINI SASA

Mwanachama mmoja aliniuliza: "Dada, kuku wangu wanahitaji kompyuta?" Kuku hawahitaji. Kikundi kinahitaji.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitaka vikundi kama chetu kusajiliwa rasmi. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu 4 kati ya hizo 10 ni za wanawake, ilisitishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024, na taratibu zake siku hizi zinapitia mtandaoni. Sasa sisi tunafanyaje? Tunakwenda steshenari. Kijana anatufungulia barua pepe, anatutungia nywila, anaiandika kwenye daftari lake, anatujazia fomu, tunalipa, tunasema asante mwanangu. Siku akihama, nywila imehama naye. Hilo limeshatupata: wiki tatu tulizunguka kumtafuta kijana mmoja ili tuweze kuingia kwenye akaunti yetu wenyewe.

Hebu fikirini. Sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na akina mama watatu wa nyumba tatu tofauti, na hakuna hata mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Tulikubaliana hivyo siku ya kwanza kabisa, na kwa miaka kumi hakuna shilingi iliyopotea sandukuni. Lakini sanduku letu la mtandaoni tumemwachia mtu ambaye hata jina la baba yake hatulijui. Wale wanaosema tugawane fedha wana haki yao, ada za shule haziwasubiri. Ila wakumbuke kwamba hizo fedha tunazoomba kwa mtandao ni nyingi kuliko hizo tutakazogawana.

SOMO LENYEWE

Kamati ya watu wanne imekaa mara tano kulipanga, na mimi nilikuwa mwandishi wake. Nitaeleza tulipobishana, maana pengine ni mambo madogo.

Ubishi wa kwanza ulikuwa simu au karatasi. Vijana walitaka masomo yote yatumwe kwa wasap. Lakini karibu nusu yetu tuna vitochi, na wenye simu za tachi leo wana bando kesho hawana. Tukaamua somo liwe kitabu cha karatasi, na sauti za wasap ziwe nyongeza tu. Kitabu hakiishiwi chaji. Kiandikwe kama mtu anavyozungumza, kila ukurasa uwe na swali, na majibu yawe nyuma ya kitabu pamoja na maelezo ya kwa nini jibu ni hilo. Mtu anayesoma peke yake saa tatu usiku akikwama, ni kitabu kitakachomjibu.

Ubishi wa pili ulikuwa muda. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo ukimwita mtu kwenye somo unamkosea. Mei na Juni ni mavuno. Basi somo litakuwa Julai hadi Oktoba, wiki 12, idadi ile ile ya Mtu ni Afya, na tumeichukua makusudi. Julai ni baridi kali, najua. Tutakaa karibu na jiko.

Mashine itakaa Ramadhani wiki mbili, kisha itapanda basi kwenda Makambako wiki mbili, ikisindikizwa na mtu, siyo kupewa konda. Wiki isipokuwepo, kikundi kinakutana hivyo hivyo na kufanya mazoezi kwenye karatasi: ubao wa herufi uliochorwa kwenye boksi, vidole vikizoea mahali pa kila herufi. Wale Waingereza wa miaka ya 1970 walijiandaa kwenye karatasi kabla ya kuigusa mashine, wala hawakudharauliwa.

Wiki mbili za mwanzo ni kuwasha, kuzima, mausi, kuandika jina lako na la kijiji ulikozaliwa. Nywila inakuja wiki ya tatu, na tutaifundisha kwa lile sanduku letu: nywila ya kikundi itagawanywa vipande vitatu, kila mshika ufunguo anakariri kipande chake. Hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Wiki nne zinazofuata ni jedwali la hesabu. Hapo ndipo moyo wa somo ulipo. Chukua wanachama watatu: mmoja kaweka 10,000, mwingine 6,000, wa tatu 4,000. Ukiiambia mashine ijumlishe, itatoa 20,000. Sasa andika ile 6,000 tena, lakini sifuri ya mwisho ipige kwa herufi O. Kwa macho huoni tofauti. Mashine itakupa 14,000, bila kelele, bila kuuliza, kwa sababu kwake hilo siyo tarakimu tena, ni neno, na neno halijumlishwi. Shilingi 6,000 za mama wa watu zimeyeyuka, na mweka hazina anaapa kwamba kaandika sawasawa. Zoezi hili tutalifanya kwa makusudi, kila mmoja akosee kwa mkono wake na kulitafuta kosa kwa kulinganisha na daftari. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza iliyoandikwa kwenye jalada la kitabu ni kwamba daftari la mkono linaendelea, mwaka mzima, hata baada ya somo. Hazina ya mwaka ule wangekuwa nalo, pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Zinazobaki ni barua pepe, fomu za serikali, na jinsi ya kumtambua tapeli anayetuma ujumbe wa kutaka namba ya siri. Programu za kuandikia amri hatukuziweka. Mmoja wetu alizipigania sana, kwa ajili ya wale vyura, nami nilikuwa upande wake, lakini tulishindwa kura tatu kwa moja. Akipatikana mtu wa kuendelea, ziwe kitabu cha pili.

Wasahihishaji wa mazoezi watakuwa wawili, mabinti zetu waliosoma, mmoja kila upande. Karatasi zitakwenda kwa basi siku ya Jumatano na kurudi Jumamosi. Anayesahihisha haruhusiwi kuandika "kosa" peke yake. Lazima aandike mstari mmoja wa kueleza. Hili ndilo lililowavunja moyo wengi waliosoma kwa posta zamani, kukaa miezi wakisubiri karatasi irudi, na ikirudi ina alama nyekundu tu.

Hesabu ya gharama imebandikwa ukutani nyumbani kwa mwenyekiti, na nakala nyingine iko Makambako kwa mjumbe wetu. Fomu za kujiandikisha ziko kwa katibu; nafasi ni 24, nusu kwa nusu. Aliyeishia darasa la tatu anakaribishwa sawa na aliyemaliza kidato cha nne, na atakayejaza kwa kalamu ya risasi fomu yake itapokelewa.